Jinsi ya Kuchagua Ukubwa wa Maandishi kwenye Skrini ya Laptopu: Panga Ukuzaji, Resolusheni Usiiguse

Katika maduka ya laptopu za mtumba yaliyo kando ya Moi Avenue, Nairobi, si ajabu kukuta HP EliteBook mbili zenye vioo vya inchi 14 zimewekwa bega kwa bega, moja ikionyesha maandishi makubwa yanayosomeka ukiwa umesimama, na ya pili ikionyesha maandishi madogo yanayokulazimu kuinama. Mnunuzi huiona tofauti hiyo akadhani kioo kimoja ni bora kuliko kingine. Mara nyingi tofauti ni ya mpangilio tu, na mpangilio huo hubadilishwa kwa muda usiozidi dakika moja, mradi mtu ajue ni kipi cha kubadilisha na kipi cha kuacha kilivyo.

Kosa lililoenea zaidi maofisini, katika saiba na hata nyumbani ni hili: mtu anaona maandishi ni madogo, anafungua mipangilio ya skrini, anakuta orodha ya resolusheni, kisha anaishusha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1366 kwa 768. Maandishi yanakua kweli, lakini yanaingia ukungu, na mwenye laptopu anaishi na ukungu huo miaka nenda miaka rudi huku akiyalaumu macho yake au kumlaumu aliyemuuzia. Njia sahihi ni kuiacha resolusheni pale kiwanda kilipoiweka na kubadilisha kiwango cha ukuzaji. Yafuatayo ni maelezo ya jinsi ya kukichagua kiwango hicho kwa hesabu kidogo na kwa kazi yako mwenyewe, kwanza katika Windows, kisha katika MacBook, ambayo hufanya jambo hili kwa njia yake.

Resolusheni na ukuzaji ni vitu viwili

Resolusheni ni idadi ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, ambazo kompyuta inazichora, kwa upana na kwa kimo. Kioo cha laptopu kina pikseli zake zilizowekwa kiwandani, ambazo haziongezeki wala hazipungui. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600, upende usipende. Ukiiamuru kompyuta ichore picha ya 1366 kwa 768, picha hiyo ndogo sharti itandazwe juu ya pikseli zote zilizopo, na hapo kila pikseli moja ya picha inatakiwa kujaza takriban pikseli 1.4 za kioo. Fikiria sakafu ya vigae ambayo fundi ameambiwa apake mstari mweusi wenye upana wa kigae kimoja na karibu nusu, lakini haruhusiwi kugawanya rangi ndani ya kigae: kigae cha kwanza atakipaka cheusi na cha pili hana budi kukipaka kijivu. Kijivu hicho ndicho ukungu unaouona kwenye kingo za herufi.

Ukuzaji hauigusi idadi ya pikseli. Kioo kinaendelea kutumia zote, ila programu zinaagizwa zichore kila kitu kikubwa zaidi, hivyo herufi iliyochukua kimo cha pikseli 12 katika asilimia 100 inachorwa upya kwa pikseli 18 katika asilimia 150. Kwa kuwa fonti za siku hizi huhifadhiwa kama maumbo ya kihesabu wala si kama picha, herufi inayochorwa kwa pikseli nyingi zaidi hutoka ikiwa kali zaidi. Unachokitoa sadaka ni nafasi: kioo cha 1920 kwa 1080 kikikuzwa kwa asilimia 125 kinakuachia nafasi ya kazi ya 1536 kwa 864, na kikikuzwa kwa asilimia 150 kinakuachia 1280 kwa 720. Ni nafasi dhidi ya usomekaji, na hakuna kiwango kinachokupa vyote viwili kwa ukamilifu.

Kijue kioo chako kwanza

Usimwamini sana muuzaji wala kibandiko. EliteBook 840 G3, ambayo ni ya kawaida sana miongoni mwa laptopu za ex-UK (mtumba kutoka Uingereza), ilitengenezwa na vioo vya namna tatu, yaani 1366 kwa 768, 1920 kwa 1080 na 2560 kwa 1440, vyote vya inchi 14 na vyote vikiwa ndani ya bodi ile ile. ThinkPad X260 ya inchi 12.5 nayo ilikuja na kioo cha 1366 kwa 768 au cha 1920 kwa 1080. Ukiwa bado dukani, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, chagua Display settings, kisha utazame palipoandikwa Display resolution. Thamani yenye neno Recommended pembeni yake ndiyo resolusheni asilia ya kioo. Ikiwa iliyochaguliwa ni nyingine, irudishe hapo kabla ya kuhukumu lolote kuhusu kioo hicho.

Kuna hali moja inayowapoteza wengi. Fundi anapoweka Windows upya kwa kutumia flashi kisha akasahau draiva ya grafiki (programu inayoiwezesha Windows kuendesha skrini), kompyuta hutumia draiva ya dharura inayoitwa Microsoft Basic Display Adapter. Hapo orodha ya resolusheni huenda ikawa fupi kupita kiasi au isibadilike kabisa, na vitu vyote huonekana vikubwa, vimetanuka na vina ukungu. Mtu anaweza kuhangaika na ukuzaji kutwa nzima bila mafanikio. Fungua Device Manager, utazame chini ya Display adapters. Ukilikuta jina hilo la Basic, unganisha laptopu kwenye intaneti, endesha Windows Update, au pakua draiva kutoka tovuti ya HP, Lenovo au Dell kwa kutumia namba ya modeli. Baada ya hapo ndipo uendelee na mengine.

Ukishaijua resolusheni asilia, tafuta msongamano wa pikseli, yaani pikseli ngapi zimo ndani ya inchi moja. Hesabu yenyewe ni ile ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni: zidisha upana kwa wenyewe, zidisha kimo kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha ugawanye kwa inchi za kioo. Kioo cha 1920 kwa 1080 cha inchi 14 kinatoa pikseli 157 kwa inchi. Cha inchi 15.6 kinatoa 141. Cha inchi 12.5 kinatoa 176. Kioo cha 1366 kwa 768 cha inchi 14 kina pikseli 112 tu kwa inchi.

Sasa Windows huanza na dhana kwamba katika asilimia 100 pikseli 96 hujaza inchi moja. Ukigawanya 96 kwa msongamano wa kioo chako na kuzidisha kwa kiwango cha ukuzaji, unapata ukubwa halisi wa vitu ukilinganishwa na ule uliokusudiwa na mtengenezaji wa programu. Katika kioo cha inchi 14 cha 1920 kwa 1080, asilimia 100 ya Windows inakupa vitu vyenye asilimia 61 tu ya ukubwa uliokusudiwa, na hiyo ndiyo sababu mtu anainama. Asilimia 125 inakupa 76, na asilimia 150 inakupa 92. Katika kioo cha inchi 15.6, asilimia 125 inakupa 85. Katika kile kidogo cha inchi 12.5, hata asilimia 150 inakupa 82 pekee.

Kwa kuwa laptopu hukaa karibu na macho kuliko skrini ya mezani, kwa kawaida kati ya sentimita 50 na 60, hakuna haja ya kufikia mia kamili. Kwa maoni yangu, mahali pazuri pa kuanzia ni kati ya asilimia 75 na 95 ya ukubwa huo uliokusudiwa, kijana mwenye macho mazuri akianzia chini na aliyevuka miaka 40 akianzia juu, kwa sababu karibu na umri huo jicho huanza kupoteza uwezo wa kulenga vitu vilivyo karibu. Anayetumia miwani ya kusomea akumbuke kwamba miwani hiyo kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu kilichoshikwa mkononi, ambao ni mfupi kuliko umbali wa laptopu, hivyo akijikuta anasogeza uso kila mara, tatizo huenda lisiwe skrini.

Kubadilisha ukuzaji katika Windows

Pale pale kwenye Display settings, juu kidogo ya resolusheni, kuna neno Scale. Bofya orodha yake utaona asilimia 100, 125, 150 na 175, na katika vioo vyenye pikseli nyingi utaona na zaidi. Mojawapo ina neno Recommended, nayo ni makisio ya Windows kutokana na ukubwa wa kioo na idadi ya pikseli. Kwa kioo cha inchi 14 cha 1920 kwa 1080 mara nyingi huwa ni 150, na kwa cha inchi 15.6 huwa 125. Makisio hayo si mabaya, lakini Windows haijui wewe unafanya kazi gani. Chagua kiwango, na mabadiliko yataonekana papo hapo. Programu zilizokuwa wazi huenda zikabaki na maandishi ya ukungu mpaka uzifunge na kuzifungua tena, kwa hiyo usitoe hukumu kabla ya kutoka kwenye akaunti yako na kuingia upya.

Kazi ndiyo inayoamua. Mchukulie mweka hazina wa chama ambaye ana jedwali la Excel lenye jina la mwanachama, namba ya simu, michango ya miezi 12, faini, mkopo na salio. Safu ya Excel ambayo haijapanuliwa ina upana wa vipimo 64 (pikseli za nafasi ya kazi) na mstari una kimo cha vipimo 20. Katika nafasi ya 1280 anapata takriban safu 19, na katika nafasi ya 1536 anapata takriban 23. Kwa kuwa safu ya majina ni pana kuliko nyingine, zile 19 zinaweza kumfanya atembeze jedwali kushoto na kulia kila anapotaka kulinganisha jina na salio, na hapo ndipo makosa ya kuandika faini ya mtu mmoja kwenye mstari wa mwingine huanza. Kwa upande wa kimo, tofauti kati ya 720 na 864 ni vipimo 144, ambavyo ni mistari 7 zaidi ya wanachama. Huyu nitamshauri achukue asilimia 125 hata kama macho yake yangependa 150, kisha maandishi ya mahali pengine ayakuze kwa njia nyingine nitakayoitaja hivi punde.

Kinyume chake, mwanafunzi wa chuo anayesoma nadharia katika faili za PDF na kuandika insha katika Word hana haja ya safu 23. Anasoma kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa saa nyingi, mara nyingi usiku. Huyo achukue 150 bila wasiwasi. Mwandishi wa programu yuko katikati, ila programu anazoandikia msimbo zina kipimo chao cha fonti, hivyo anaweza kuacha ukuzaji wa chini akakuza fonti ya msimbo peke yake.

Mtu aliyehama kutoka laptopu ya zamani ya inchi 14 yenye 1366 kwa 768 huwa na shida yake mahususi. Macho yake yamezoea ukubwa fulani, na katika kioo kipya cha 1920 kwa 1080 chenye inchi zile zile, asilimia 125 inaonekana ndogo na 150 inaonekana kubwa. Hajakosea: ukigawanya 1920 kwa 1366 unapata takriban 1.4, kwa hiyo ukubwa aliouzoea uko kwenye asilimia 140, ambayo haimo katika orodha. Windows inaruhusu kuandika namba yako mwenyewe kati ya 100 na 500 chini ya Custom scaling, ingawa yenyewe inaonya kwamba haipendekezi jambo hilo. Namba hiyo hutumika kwa skrini zote zilizounganishwa na hukulazimu kutoka kwenye akaunti na kuingia tena. Mimi ningekaa na 125 kwa wiki moja kwanza. Macho huzoea kitu kidogo zaidi haraka kuliko mtu anavyotarajia, na anayeshindwa kuzoea atakuwa amejua kwa hakika kwamba anahitaji 150.

Mwenye kioo cha 1366 kwa 768 asikikuze. Asilimia 125 itamwachia nafasi ya 1093 kwa 614, na katika kimo hicho visanduku vingi vya mazungumzo hukatika chini, vitufe vya kuthibitisha vikafichika nje ya skrini. Nimeona mtu akijaza fomu ya kodi akaamini kwamba mfumo umekwama, kumbe kitufe alichokuwa akikitafuta kilikuwa chini ya ukingo wa kioo. Kwa kioo cha namna hii, nenda Settings, kisha Accessibility, kisha Text size, ambapo kuna kitelezi kinachokuza maandishi peke yake kutoka asilimia 100 hadi 225 bila kukuza vitufe, picha na nafasi zilizo kati yake. Asilimia 110 au 115 hapo inatosha kuleta nafuu. Njia hii ndiyo ile niliyomwahidi mweka hazina. Katika kivinjari, kushikilia Ctrl na kubonyeza alama ya kujumlisha hukuza ukurasa mmoja tu, na kivinjari hukumbuka kiwango hicho kwa tovuti hiyo. Kurasa zenye maandishi madogo zisikufanye ubadilishe kompyuta nzima.

Jaribio la stetimenti ya M-Pesa

Hesabu hukufikisha karibu, lakini uamuzi wa mwisho ni wa macho. Maandishi ya majaribio yasiwe habari ya kawaida, kwa sababu ubongo hukisia maneno unayoyafahamu na kukufanya uamini kwamba unasoma vizuri. Chukua kitu kisichokisika. Stetimenti ya M-Pesa inafaa kuliko chochote ninachokijua: ina safu nyembamba, tarehe na saa, pesa zilizoingia, zilizotoka na salio, na kila mstari unaanza na namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 10 zilizochanganywa, ambazo si rahisi kuzikisia.

Fungua faili yake ya PDF na uiweke katika ukubwa halisi, yaani asilimia 100 ndani ya programu ya kusomea, la sivyo utakuwa unapima ukuzaji wa programu hiyo badala ya ule wa skrini. Keti unavyoketi siku zote, mgongo ukiwa umeegemea kiti. Soma kwa sauti namba za muamala za mistari kadhaa mfululizo huku mtu mwingine akizihakiki kwenye simu. Ukiitaja sifuri badala ya O, 5 badala ya S au 8 badala ya B, au ukijikuta umeegemea mbele bila kukusudia, kiwango ni kidogo mno kwako. Ukizisoma zote bila taabu lakini ukurasa haukuonyeshi safu zote mpaka uutembeze, umezidisha.

Rudia jambo hili katika mwanga wa mahali unapofanyia kazi kwa kawaida. Laptopu nyingi za ofisi zilizotumika zina vioo vyenye mwangaza wa wastani, na dirisha la ghorofani linalopokea jua la mchana nyuma yako huondoa utofauti kati ya maandishi na mandharinyuma. Herufi iliyosomeka saa mbili usiku inaweza kupotea saa saba mchana. Ikiwa hali ni hiyo, geuza meza kabla ya kugeuza mipangilio.

MacBook

Watumiaji wa MacBook hawaoni asilimia. Katika System Settings, sehemu ya Displays, wanaona vijipicha kadhaa vilivyopangwa kutoka Larger Text upande mmoja hadi More Space upande mwingine, kimoja kikiwa na neno Default. Katika matoleo yaliyotangulia Ventura ya mwaka 2022, mahali hapo paliitwa System Preferences, na ulipaswa kuchagua Scaled kwanza. Ukitaka kuona namba, fungua Advanced na uwashe chaguo la kuonyesha resolusheni kama orodha. Hapa namba za orodha zisikutishe: kwa kioo cha Retina (jina la Apple la vioo vyenye pikseli nyingi), 1440 kwa 900 haimaanishi kwamba kioo kimeshushwa hadi idadi hiyo ya pikseli. Inamaanisha kwamba nafasi ya kazi ni sawa na ya kioo cha namna hiyo, huku herufi zikichorwa kwa pikseli nyingi zaidi.

Namna inavyofanyika inastahili kueleweka, kwa sababu ndiyo inayoamua gharama. macOS, yaani mfumo wa MacBook, huchora kila kitu kwa ukubwa mara mbili ya nafasi uliyochagua, kisha hupunguza picha nzima ili itoshe kwenye kioo. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 ina kioo cha inchi 13.3 chenye pikseli 2560 kwa 1600. Ukichagua 1280 kwa 800, mara mbili yake ni 2560 kwa 1600 kamili, hakuna kinachopunguzwa, na herufi huwa kali kuliko katika chaguo lingine lolote. Chaguo la kiwandani ni 1440 kwa 900. Hapo mfumo unachora 2880 kwa 1800 na kuipunguza. Ukichagua 1680 kwa 1050, unachora 3360 kwa 2100, yaani pikseli 7,056,000 kwa ajili ya kioo chenye 4,096,000, ambazo ni takriban asilimia 72 zaidi ya kioo kilivyo.

Kazi hiyo ya ziada hufanywa na sehemu ya grafiki. Katika M1 na zilizofuata, mtumiaji wa kawaida hatahisi lolote. Katika MacBook Air za Intel za mwaka 2018 hadi 2020, ambazo bado zinauzwa kwa wingi kama mtumba, chaguo la More Space linaweza kuongeza joto na kupunguza wepesi wa kutembeza kurasa ndefu, hivyo mwenye mashine hiyo abaki kwenye Default isipokuwa ana sababu nzito. Ulaini kidogo wa herufi unaotokana na kupunguzwa kwa picha upo, lakini kwa msongamano wa pikseli 227 kwa inchi wengi hawauoni wasipoutafuta. Ukubwa ndio unaoonekana: ukitoka 1440 hadi 1680 herufi zinapungua kwa takriban asilimia 14, na ukienda 1280 zinaongezeka kwa asilimia 12.5. MacBook Pro ya inchi 14 iliyotoka mwaka 2021 iliondoa mashaka haya, kwani kioo chake ni 3024 kwa 1964 na chaguo la kiwandani ni 1512 kwa 982, nusu kamili. Mwenye mashine hiyo aiache kama ilivyo, afanye kazi.

Tahadhari moja kwa anayenunua mtumba: MacBook Air za inchi 13 za kuanzia mwishoni mwa 2010 hadi mwaka 2017 hazina Retina. Kioo chake ni 1440 kwa 900 halisi, na ukichagua namba ndogo zaidi katika orodha yake unapata ukungu ule ule wa kushusha resolusheni niliouelezea mwanzoni. Kwa hizo, kuza ndani ya programu tu.

Kwa wenye Ubuntu, ukuzaji uko katika Settings, sehemu ya Displays, na viwango vya kati kama 125 huonekana baada ya kuwasha Fractional Scaling. Kwenye Chromebook, bonyeza Ctrl, Shift na alama ya kujumlisha au ya kutoa; Ctrl, Shift na sifuri hurudisha hali ya mwanzo.

Programu zinazobaki na ukungu

Hata baada ya kupanga kila kitu vizuri katika Windows, programu moja au mbili zinaweza kubaki na maandishi yenye ukungu huku nyingine zote zikiwa safi. Mara nyingi ni programu za zamani za uhasibu au za hospitali zilizoandikwa kwa dhana kwamba kila kioo ni cha pikseli 96 kwa inchi. Kwa kuwa hazijui kujichora upya, Windows hupiga picha ya dirisha lao na kuitanua. Bofya kulia ikoni ya programu hiyo, chagua Properties, fungua Compatibility, kisha Change high DPI settings, uweke alama kwenye kisanduku cha chini kinachoanza na neno Override, na katika orodha yake uchague System lenye neno Enhanced. Isipofaa, chagua Application. Dirisha litakuwa dogo lakini kali, na mwenye macho mazuri atalipendelea hilo. Usishushe ukuzaji wa kompyuta nzima kwa ajili ya programu moja inayofunguliwa mwisho wa mwezi.

Skrini ya pili na projekta

Katika Windows 10 na 11 kila skrini ina kiwango chake. Ukiunganisha laptopu ya inchi 14 na skrini ya mezani ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, bofya kwanza mstatili wenye namba ya skrini unayotaka kuipanga, ndipo ubadilishe Scale. Skrini hiyo ya inchi 24 ina pikseli 92 kwa inchi, hivyo asilimia 100 inaifaa, huku laptopu ikibaki na 125 au 150 yake.

Projekta ndiyo yenye hila. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na kuchagua Duplicate, laptopu na projekta hulazimika kukubaliana resolusheni moja, na projekta nyingi za kumbi za mikutano zina pikseli chache kuliko laptopu, kwa hiyo laptopu ndiyo inayoshuka. Chagua Extend, kila moja ibaki na yake, kisha usogeze dirisha la wasilisho upande wa projekta. Na ikibidi utumie Duplicate, basi mkutano ukiisha na kebo ya HDMI ikishachomolewa, fungua Display settings uhakikishe kwamba resolusheni imerudi kwenye ile yenye neno Recommended.